Mwenye Picha Hana Mdomo

Mbele ya studio ya picha, chini ya bati lililotokeza kama ukingo wa kofia, lipo benchi lenye miguu mitatu mizima na wa nne ulioliwa na mchwa, ambao umeegemezwa kwenye nusu tofali. Kulia kwake kuna kinyozi, ambaye duka lake halina mlango ila pazia. Kushoto kuna dirisha la studio, ambalo kusema kweli si dirisha, ni kisanduku kilichochimbwa ukutani na kuwekewa kioo, cha kuonyeshea picha moja tu. Juu ya benchi, kutoka msumari mmoja hadi mwingine, imepita kamba. Hapo ndipo picha hutundikwa kwa vibanio vya nguo kila Jumamosi asubuhi, na hapo ndipo wanakijiwe huzichambua, kahawa mkononi, kama watu wanaotoa mawe kwenye mchele. Sheria ya kijiwe ni moja, nayo ni ya zamani kuliko benchi lenyewe: mwenye picha ndiye mleta kahawa, na mwenye picha hana mdomo mpaka birika likauke.

Aliyeiweka sheria hiyo ni Mzee Tulia, mwenye studio. Hilo si jina alilopewa na wazazi wake. Kwa miaka arobaini kila aliyeketi mbele ya kamera yake, awe mtoto mchanga au hakimu, aliambiwa maneno yale yale: "Tulia. Usipepese." Jina likamganda. Miaka mitatu iliyopita macho yake yaliingia ukungu, ukungu ukawa giza, naye akamkabidhi kamera binti yake. Binti Tulia akarithi taa mbili, kiti kimoja cha wateja, na benchi pamoja na waliolikalia.

Jumamosi hii alitoka na birika dogo. Kinyozi aliliona kabla halijafika kwenye jiko la mkaa.

— Dada, leo umetuletea birika au mtoto wa birika?

— Lile kubwa linavuja, alijibu Binti Tulia.

Halikuwa linavuja. Lilikuwa zima, limefunikwa kitambaa nyuma ya pazia la studio. Lakini saa nne fundi wa vioo angefika, na Binti Tulia alitaka mdomo wake urudi kabla ya saa nne.

Kioo cha dirisha kilikuwa kimepasuka wiki mbili zilizopita, na kisanduku kile hakina mlango. Kikishawekwa kioo na kupakwa puti pembeni, ule ugoro mzito wa kugandishia vioo, hakifunguki tena mpaka kioo kivunjike. Kwa miaka ishirini na miwili ndani yake alikaa bibi harusi mmoja, picha ya Mzee Tulia, ambaye jua lilimla taratibu mpaka akawa wa bluu kama aliyelowekwa kwenye wino. Wateja walisimama wakamtazama, wakaingia, wakauliza: "Aliyempiga huyu yupo?" Binti Tulia akijibu kwamba baba anapumzika na sasa mpiga picha ni yeye, walisema, "Basi tutarudi," wakavuka barabara kwenda studio ya ng'ambo. Kurudi, hawakurudi. Mwezi uliopita ilipita wiki nzima hajapiga picha yoyote ila za hati za kusafiria, zile ambazo mtu haruhusiwi kucheka.

Dirisha lilihitaji picha yake. Na picha haiingii dirishani mpaka ipite kijiweni. Ndivyo baba yake alivyofanya, na ndivyo alivyomwachia. Kwa miaka mitatu alikuwa ametundika picha kumi na moja kwenye kamba ile, na zote kumi na moja zilifia hapo hapo.

Alitoa ya kumi na mbili kwenye bahasha kubwa. Ilikuwa ndani ya nailoni nyororo isiingie alama za vidole. Akaibana kwa vibanio viwili, akageuka, akamimina kahawa.

Mwalimu mstaafu, ambaye wote humwita Rula kwa sababu ya rula ya mbao inayochungulia mfukoni mwa koti lake, alivaa miwani.

— Haya. Kijiwe kimefunguliwa. Mwenye picha?

Binti Tulia alifumba midomo.

— Vizuri. Na karatasi ziletwe.

Karatasi zilikuwa kwenye kopo chini ya benchi, vipande vyeupe vya kila kimo, pamoja na utepe wa gundi. Huo nao ni utaratibu wa Mzee Tulia. Alikuwa akisema: usimwambie mtu kwamba kitu fulani kwenye picha yake hakifai, maana hapo mtabishana mpaka kesho. Kifunike kwa karatasi. Picha ikipumua, kilikuwa mzigo. Picha ikikata roho, kirudishe. Wanakijiwe waliipenda sana sehemu ya kwanza ya utaratibu huo. Binti Tulia hakukumbuka ni lini aliona karatasi ikibanduliwa.

— Mbona huyu ni Mzee! alisema Filta, muuza vifuniko vya simu. Aliitwa hivyo kwa kuwa hajawahi kumtumia mtu picha bila kuibadilisha rangi. Hata ya kitambulisho chake alijaribu, wakamrudisha.

— Ni Mzee kweli, alisema Kinyozi.

— Ni yeye, alisema Rula. Tuendelee.

Basi. Hayo ndiyo yote waliyoyasema kuhusu mtu waliyekaa naye benchi moja nusu ya umri wao.

Mzee Tulia hakuwahi kupigwa picha. Alikuwa nyuma ya kamera maisha yake yote, na kila alipoombwa aketi mbele alisema mpishi hajipiki. Macho yalipokwenda alikataa zaidi: "Ya nini picha nisiyoiona?" Binti yake hakumlazimisha. Lakini siku moja alikuwa anafuta kamera pale nyumbani, baba amekaa kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni, na mwanga wa uani umempiga upande mmoja wa uso. Binti Tulia aliinua kamera tu, kama mtu anavyojaribu miwani. Ulimi ukamtoka wenyewe kwa mazoea:

"Tulia, Baba. Usipepese."

Mzee aliinua uso kuielekea sauti. Kisha akasema: "Nisipepese nini, mwanangu?"

Akaangua kicheko. Kichwa kilikwenda nyuma, mdomo ukafunguka mpaka mapengo yote mawili yakaonekana, mkono ukanyanyuka hewani. Binti Tulia alibonyeza mara moja. Mara ya pili hakuweza, kwa sababu naye alikuwa amekaa chini anacheka.

Ndiyo hiyo picha. Alipomwambia baba yake anataka kuitundika kijiweni, mzee alisema: "Itundike. Lakini sheria ni sheria. Usiseme neno."

— Mimi nianze na kichwa, alisema Kinyozi.

— Wewe huanzia kichwani kila siku, alisema Filta.

— Kwani mtu huanzia wapi? Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na mimi ndiye ninayezikata. Sasa tazama hapa juu ya sikio. Huku zimelala, huku zimesimama. Mpita njia akiliona hili dirishani atauliza kinyozi wa mtaa huu ni nani.

— Kwa hiyo kinachokusumbua ni picha au ni jina lako? aliuliza Rula.

— Vyote viko kwenye kichwa kimoja, Mwalimu.

Akachukua karatasi, akazifunika nywele za Mzee. Akarudi nyuma hatua mbili, akainamisha shingo.

— Mnaona? Imetulia.

Binti Tulia alimjazia kikombe. Kilikuwa bado nusu.

Rula alitoa rula yake, akaiweka juu ya nailoni, akafumba jicho moja.

— Picha hugawanywa mara tatu kwenda juu, mara tatu kwenda pembeni. Nilishasema hapa, nikarudia. Mtu akae kwenye mstari. Huyu hakukaa kwenye mstari wowote. Kakaa anakotaka.

— Ni kwao, Mwalimu, alisema Filta.

— Kwao ni kwao, mstari ni mstari! Na hii rafu ya vikombe nyuma yake imelala nyuzi tatu. Samaki mkunje angali mbichi. Rafu haikukunjwa mapema, sasa imekomaa na upinde wake.

— Mwalimu, hiyo methali ni ya watoto.

— Na rafu ilikuwa mtoto wa nani?

Binti Tulia alijua kwamba rafu imelala. Baba yake aliipigilia mwenyewe kwa msumari mmoja pungufu, na mama yake, mpaka alipofariki, hakuacha kuilalamikia. Vikombe vyote vilisimama vimeinamia upande mmoja kama vinasikiliza siri. Angeweza kuinyoosha picha kwa kuigeuza kidogo tu. Hakuigeuza. Ile ilikuwa rafu ya mama yake.

Rula akaifunika rafu. Akaifunika vizuri kabisa, kwa kupima.

Hapo ndipo Binti Tulia alipoanza kusikia joto la masikio. Alilijua joto hilo. Miaka mitatu hii alikuwa mtiifu. Rula alisema ukuta wa studio ni mweusi mno, akaupaka rangi ya kijivu. Mwezi uliofuata Rula akasema kijivu kinaleta majonzi, akaupaka nyeupe. Filta alisema watu siku hizi wanataka pazia la bluu, akanunua pazia la bluu. Kinyozi alisema kiti kinawafupisha watu shingo, akakitoa kiti, wateja wakasimama kama wanaosubiri kusomewa hukumu. Picha zake zikawa kama shati lililoshonwa na mafundi wanne, kila mkono na urefu wake. Na bado kila Jumamosi alisikia neno lile lile: "Binti, huna mtindo wako." Mtindo wake! Angeupata wapi, na wao ndio waliougawana?

Ingekuwa rahisi kama wangekuwa wajinga tu. Lakini Rula ndiye aliyemfundisha kusubiri mwanga uhame badala ya kumhamisha mtu. Kinyozi ndiye aliyemfundisha kwamba mtu hageuzwi kichwa kwa kushikwa kidevu, huongeleshwa kutoka upande unaotaka atazame. Mambo mawili kwa miaka mitatu. Yalitosha kumfanya asikilize yale mengine mia.

— Tatizo ni rangi, alisema Filta. Kahawia imezidi. Mlango kahawia, shati kahawia, Mzee mwenyewe kahawia.

— Ulitaka Mzee awe rangi gani? aliuliza Kinyozi.

— Si lazima abaki hivyo, kuna kitufe. Nipeni dakika moja namwondolea makunyanzi, namwongezea weupe wa meno, na nyuma namwekea bahari.

— Mzee hajawahi kufika baharini.

— Ndiyo uzuri wake! Anafika bila nauli.

— Na yale mapengo?

— Namjazia. Tena halafu, tazameni shati. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kifungo cha pili hakipo. Hicho ndicho kinachoila picha.

— Kitu ambacho hakipo kitailaje picha? aliuliza Rula.

— Kwa njaa, Mwalimu.

Karatasi ya tatu ikafunika shati lote, kutoka kola hadi kiunoni.

Binti Tulia alitazama vikombe. Ujanja wake wa birika dogo ulikuwa na shimo ambalo hakuliona tangu mwanzo: wale watu, kadiri walivyokolea kwenye maneno, ndivyo walivyosahau kunywa. Kahawa ya Rula ilikuwa imeshafanya ngozi juu. Filta alikuwa ameweka kikombe chake chini ya benchi, karibu na kopo la karatasi, kama mtu aliyekihifadhi kwa ajili ya wajukuu. Birika lilikuwa halijapungua hata nusu.

— Kahawa inapoa, alisema.

Vichwa vitatu viligeuka kwa pamoja.

— Hiyo ilikuwa sauti! alisema Rula.

— Ni ukarimu tu, Mwalimu.

— Na hiyo ni ya pili! Sheria iliwekwa na baba yako, si na mimi.

— Ngoja kwanza, alisema Kinyozi. Kijiwe kiamue. Je, ukarimu una mdomo au hauna?

Walilijadili hilo. Filta alisema mwenyeji hawezi kunyamazia mgeni, Rula akasema wao si wageni bali ni wenyeji wa benchi, Kinyozi akasema mgeni njoo, mwenyeji apone, na hapa aliyepona ni nani? Mwishowe waliafikiana kwamba ukarimu una mkono lakini hauna mdomo, kwa hiyo mwenye picha aruhusiwe kumimina bila kutangaza. Angalau katika mabishano hayo koo ziliwakauka, wakanywa. Binti Tulia akamimina hadi ukingoni, kahawa ikawachuruzika vidoleni.

— Sasa huu mkono, alisema Kinyozi akipangusa vidole kwenye aproni yake. Mkono huu unafanya nini hewani? Mzee anafukuza nzi.

— Anasimamisha gari, alisema Rula.

— Gari jikoni?

— Na nzi yuko wapi? Mpiga picha akikuonyesha anayefukuza nzi, akuonyeshe na nzi.

— Nzi naweza kumweka, alisema Filta.

Ule mkono haukuwa unafukuza kitu. Tangu giza limwingie, Mzee Tulia akifurahi humtafuta mtu kwa mkono ili amshike bega. Ule mkono ulikuwa unamtafuta binti yake. 

Karatasi ikashuka juu ya mkono.

Saa ya kinyozi, iliyotundikwa juu ya kioo chake cha kunyolea, ilionyesha saa nne kasoro dakika kumi na mbili.

— Nimeona jambo zito, alisema Rula polepole, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Njooni mkae hapa nilipo. Msitazame picha. Tazameni mahali picha inapotazama.

Kinyozi na Filta walibanana naye kwenye ncha ya benchi mpaka nusu tofali ikalia.

— Mzee uso kaugeuzia wapi? Kushoto. Sasa iwekeni dirishani kichwani mwenu. Kushoto mwa dirisha kuna nini?

— Barabara, alisema Filta.

— Na ng'ambo ya barabara?

Kinyozi aliguna.

— Studio ya ng'ambo!

— Ahaa! Huyu mzee atasimama humo dirishani usiku na mchana akiwaelekeza wateja kwa mshindani! Mtu hufuata macho ya mwenzake, hiyo ni elimu. Mtu akitazama juu njiani, mtaa mzima utatazama juu. Binti anapoteza wateja, tunajiuliza kwa nini, kumbe anataka kumwajiri baba yake mwenyewe awasindikize ng'ambo!

— Mwalimu, hapo umetisha, alisema Kinyozi.

— Macho hayana pazia. Kwa hiyo tuyawekee.

Akayafunika macho ya Mzee Tulia.

Binti Tulia alisimama. Alikuwa na birika mkononi. Macho yale hayakuwa yanamwelekeza mtu popote. Yalikuwa hayaoni hata mlango. Na watu watatu hawa walilijua hilo. Wao ndio waliomshika mkono Mzee siku ya mwisho alipotoka benchini, wakampitisha juu ya mfereji. Aliwatazama mmoja mmoja, akitaka hata mmoja akumbuke. Kinyozi alimnyooshea kikombe.

— Mimina, dada. Ukarimu una mkono.

Alimmiminia.

— Mimi nasema hivi, alisema Filta, ambaye hakutaka kupitwa. Mtu wa siku hizi anaitazama picha kwa sekunde mbili. Nimewapima wateja wangu. Mbili. Sasa kwenye sekunde mbili atatazama nini? Rafu? Shati? Hawezi. Picha inayomfaa ni ile isiyo na kitu. Haba na haba hujaza kibaba: tukitoa hiki, tukatoa kile, tutabaki na picha safi kabisa.

— Yaani karatasi nyeupe, alisema Rula.

— Ya kung'aa, Mwalimu. Ya kung'aa.

Walitazama. Kweli kazi ilikuwa inaelekea huko. Walifunika mlango kwa sababu ulikuwa wazi, na mlango ulio wazi unaleta upepo kwenye picha. Walifunika kigoda kwa sababu kina miguu mitatu na wanne ndio wenye heshima, jambo alilolisema Rula akiwa amekalia benchi la miguu mitatu. Walifunika masikio, kwa kuwa yalibaki peke yake na kuonekana kama vipini. Ukabaki mdomo. Katikati ya weupe wote ule, mdomo mmoja mkubwa, wazi, wenye mapengo mawili.

— Na huo ufungwe, alisema Kinyozi, akatumbukiza mkono kwenye kopo na kutoa kipande cha mwisho. Mteja anakuja amevaa vizuri, ana haya zake, anafika dirishani anakuta mtu anamcheka. Ataingia? Mimi kwangu nikimcheka mtu kabla sijamnyoa, atakaa?

— Hatakaa, alisema Rula.

— Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Tumfunge mdomo, tumalize.

Alikuwa ameshang'ata kipande cha utepe wa gundi kwa meno, karatasi iko mkononi, wakati sauti ilipotoka nyuma yao.

— Hodi hapa. Ndipo penye dirisha?

Alikuwa mtu mwembamba, amebeba mgongoni kioo kilichofungwa kwenye blanketi kuukuu, na mfukoni ana bonge la puti kwenye mfuko wa plastiki. Jasho lilimtiririka. Fundi wa vioo, na saa nne ilikuwa haijatimia hata.

— Karibu, fundi. Pole na mzigo, alisema Binti Tulia, na safari hii hakuna aliyempigia kelele. Akatafuta kikombe safi, akainamisha birika. Kahawa ilitoka, ikajaa nusu, ikajaa robo tatu, ikadondoka matone matatu, kisha yakafuata machicha.

Fundi wa vioo aliegemeza kioo ukutani kwa uangalifu wa mtu anayemlaza mgonjwa. Akapokea kikombe kwa mikono miwili, akashukuru, akanywa. Ndipo macho yake yalipopanda kwenye kamba.

Alitazama karatasi zote zile nyeupe na mdomo katikati. Alitazama zaidi ya sekunde mbili. Kona ya mdomo wake mwenyewe ikaanza kucheza.

— Samahanini, wazee wangu, alisema. Mimi ni mtu wa vioo tu, mambo ya picha siyajui. Huyu anacheka nini?

Kinyozi alimtazama Rula. Rula alimtazama Filta.

— Unauliza kwa upande wa mistari? alisema Rula.

— Hapana, mzee. Anacheka. Nauliza anacheka nini.

— Sisi tulikuwa tunaangalia mwelekeo wa uso...

— Sawa. Lakini anacheka.

— Hilo halina kitufe, alisema Filta kwa sauti ndogo.

Kinyozi alikuwa bado na utepe wa gundi mdomoni. Aliutoa. Akaubandika kwenye aproni yake. Akalichukua birika, akalitikisa karibu na sikio, akaliinamisha juu ya kikombe chake. Kilidondoka kipande kimoja cha machicha.

— Limekauka, alisema.

Wote wakamgeukia Binti Tulia. Kwa mujibu wa sheria, mdomo wake ulikuwa umerudi.

Alikuwa na maneno ya miaka mitatu. Alikuwa ameyapanga usingizini, ameyapanga akipaka ukuta rangi ya kijivu, ameyapanga akiupaka nyeupe. Kulikuwa na la Rula peke yake na la Kinyozi peke yake, na la Filta lilikuwa refu kuliko yote. Alivuta pumzi.

Kisha akaenda kwenye kamba, akaanza kubandua.

Alibandua karatasi ya mkono. Akabandua ya rafu, vikombe vikarudi kuinamia siri yao. Akabandua shati, kigoda, mlango, masikio. Hakuwa na haraka wala hakuchana chochote. Kila kipande alikirudisha kwenye kopo. Alipobandua ya nywele, Kinyozi alijikuna kisogoni. Ya macho aliiacha mwisho.

— "Picha ikikata roho, kirudishe," alisema Rula, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa mbali. Mzee alikuwa anasema hivyo.

— Alikuwa anasema? aliuliza Filta.

— Alikuwa anasema. Kila mara.

Binti Tulia alibandua karatasi ya macho.

— Weka kioo, fundi, alisema.

Picha iliingia kisandukuni. Hakuna aliyepinga, na hakuna aliyepitisha. Fundi wa vioo alipachika kioo, akaanza kupaka puti pembeni kwa dole gumba, na kila alipofika usawa wa ule mdomo mabega yake yalitikisika.

Benchini wote walilifuata dole gumba lile kwa macho. Kisha Rula alikohoa. Akakohoa tena, na mara ya tatu haikuwa kikohozi. Miwani ikamshuka puani.

— Mwalimu, unacheka nini? aliuliza Kinyozi.

— Sijui.

— Mtu mzima na mvi zako unacheka usichokijua?

— Na wewe je?

Kinyozi alijishika mdomo, akaukuta uko wazi. Filta alikuwa ameinama chini ya benchi akijifanya anatafuta kikombe, na benchi lote lilikuwa linatetemeka juu ya nusu tofali.

— Jamani, si mniambie! alisema fundi wa vioo. Nimeuliza swali dogo tu!

Binti Tulia alijua jibu, na mdomo alikuwa nao. Alikusanya vikombe, vikagongana mikononi mwake. Jioni baba yake angemwuliza, kama alivyouliza kila Jumamosi kwa miaka mitatu, wamesemaje. Akaingia ndani, na nyuma ya pazia, kando ya birika kubwa lisilovuja, alilijaribu jibu lake kwa sauti ya chini, alisikie linavyokaa:

— Leo, Baba, wamekosa la kusema.